Injini ya Hewa Nyepesi

Habari ya kifo cha Owuor ilinipata nikiwa chini ya lori la maziwa, mgongo juu ya gunia, oili ikinidondokea shingoni. Aliyepiga simu ni binti yake wa mwisho, Achieng', ambaye nilikuwa nimemwona mara mbili tu maishani. "Auntie, mzee ametuacha," akasema, na dereva wa lori akaendelea kuniuliza kwa sauti kama nimeona kinachovuja. Nilitoka pale chini, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, nikakaa kwenye kiti na sikushika spana tena siku hiyo. Wafanyakazi wangu walidhani nimefiwa na ndugu, na sikuwasahihisha. Owuor alikuwa fundi mitambo wa kiwanda kimoja cha majani chai karibu na Sotik, mtu wa upande wa ziwa, mrefu, anayecheka kwa mabega bila kutoa sauti. Hatukuwa na undugu wowote. Lakini kwa miaka ishirini na sita kulikuwa na jambo moja kati yetu ambalo yeye hakulisema na mimi sikulisema, na kila mwaka uliopita ulilifanya liwe gumu zaidi kulisema. Ili lieleweke, lazima nieleze mwaka mmoja tu wa ujana wangu, mwaka nilipopanga injini yangu ya kwanza ya mashindano. Nilikozaliwa, nilikosoma na baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi, hayo yatakaa kando.

Nilikuwa na miaka ishirini na nne, na kazi yangu katika gereji ya Mzee Koskei pale Sotik ilikuwa kuosha vyuma. Gereji ilikuwa nyuma ya duka la dawa za mifugo, ua wa mabati wenye udongo uliokuwa mweusi kwa oili ya miaka mingi, na ndani kabisa kulikuwa na chumba kimoja chenye dirisha na sakafu ya saruji. Humo ndimo ilimokuwa benchi ya injini. Watu wawili tu ndio walioruhusiwa kufungua injini juu yake. Mtu wa benchi hakutumwa chai. Hakulala kwenye tope la mwezi wa nne akitafuta nati iliyoanguka. Alivaa aproni, akaitwa fundi, na wateja kutoka upande wa Kisii walipoleta injini mbovu walimuulizia kwa jina. Mimi nilikuwa nje, mikono ndani ya karai la dizeli tangu asubuhi, nikisugua vyuma ambavyo mtu mwingine angeviunganisha, na jina langu lilikuwa "wewe msichana." Niliitaka ile benchi vibaya sana. Sikuwahi kutaka kitu kingine namna ile, hata bwana, na mama alinikumbusha habari za bwana kila Jumapili tukitoka kanisani.

Pembeni mwa chumba hicho, chini ya gunia, kulikuwa na injini ya lita moja nukta sita iliyotolewa kwenye gari dogo la Kijapani lililobingirika. Na kila Desemba wenye magari ya mbio walikusanyika kwenye kiwanja cha ndege cha zamani kule tambarare karibu na ziwa, wakashindana wawili wawili, mstari ulionyooka, mita mia nne, wa kwanza kufika ndiye mshindi. Gereji yetu haikuwahi kupeleka gari. Binamu yangu Kibet alikuwa na gari jepesi lisilo na injini, na mguu mzito wa kulikanyagia. Mimi nilikuwa na mdomo. Kwa hiyo asubuhi moja ya Januari nilimwendea Mzee Koskei akinywa chai na kumwambia kwamba ile injini ya pembeni naweza kuifanya iyaache nyuma magari yote ya Kericho na Bomet. Alinitazama juu ya miwani, akaweka kikombe chini.

"Sawa, Chelangat. Chukua," akasema. "Lakini kwanza iwe kwa kitabu. Sitaki kuona spana mpaka nione plan yote, mwanzo mpaka mwisho. Na iwe ya kichwa yako. Nikisikia mtu ingine amekufikiria, tumemaliza. Ikirudi mzima December, benchi ni yako. Ikirudi vipande, utaosha vyuma mpaka uolewe."

"Na nikikataa kuolewa?"

"Basi utaosha sana."

Nilinunua daftari la kurasa mia mbili siku hiyo hiyo, na kwa miezi mitano sikugusa hata boliti moja ya ile injini. Leo nikiwaambia vijana wanaokuja kwangu na simu zao, wakitaka gari lao likimbie kufikia wikendi, kwamba nilikaa miezi mitano na kalamu, wananionea huruma. Lakini hivyo ndivyo Mzee Koskei alivyofanya kazi. Alisema usianze na kile unachokitaka, anza na kile kitakachovunjika kwanza. Kwa hiyo ukurasa wangu wa kwanza ulihusu tairi za nyuma na jinsi zitakavyoteleza, wa pili ekseli, kisha gia, kisha klachi, nikirudi nyuma polepole kuelekea injini kama mtu anayefuata nyayo za ng'ombe aliyepotea. Nilipofika kwenye injini yenyewe ilikuwa Machi. Nilipanga kamshafti ya kufungua valvu kwa muda mrefu zaidi, springi ngumu za kuzifunga, pistoni imara za kufuliwa, za kuagizwa Nairobi, gurudumu zito la nyuma ya injini lipunguzwe uzito, bomba nne za moshi zenye urefu sawa. Kila kitu nilikiandikia sababu yake. Mahali ambapo sikuwa na sababu niliacha pengo, na pengo hilo halikuninyima usingizi tu, lilininyima hata hamu ya kula.

Kila Ijumaa saa nne, wakati wa chai, nilisoma ukurasa mpya mbele ya gereji nzima. Chai ililetwa kwenye birika kubwa la bati, pamoja na mahindi ya kuchemsha yaliyokuwa bado yanatoa mvuke, na mafundi wanne walikaa juu ya tairi kuukuu wakitafuna na kunisubiri nikosee. Walikuwa wakali. "Hiyo spring ukifika mizunguko elfu saba itakuwa bado inafunga, ama itakuwa inapiga story?" Nikikosa jibu, Mzee Koskei alichora mstari mwekundu katikati ya ukurasa, nami nikaanza upya Jumatatu. Siku moja nilikuwa nyuma ya mabati nikimwaga dizeli chafu, nikawasikia wawili wao wakizungumza. Mmoja alisema, "Huyu msichana plan yake iko sawa, shida ni yeye, hawezi kuambiwa." Mwenzake akasema, "Wacha. Engine itamwambia." Nilikasirika sana. Nilirudi kwenye daftari nikiwa nimeapa kwamba hakuna mtu atakayeniambia chochote tena, na kiapo hicho ndicho kilichokaribia kuniangamiza.

Jambo nililojivunia kuliko yote lilikuwa mbano. Pistoni inapopanda hubana hewa na petroli kwenye nafasi ndogo iliyo juu yake, na kadiri nafasi hiyo inavyokuwa ndogo, ndivyo mlipuko unavyokuwa na nguvu. Injini ile ilitoka kiwandani ikibana mara tisa. Nilitaka ibane mara kumi na moja na nusu. Ili kujua ni kiasi gani cha chuma cha kuondoa kwenye kichwa cha injini, nilihitaji kupima nafasi ile kwa usahihi, na vifaa vya kupimia hatukuwa navyo, basi nikaenda duka la mbele nikaazima sindano kubwa ya kuchanjia ng'ombe. Fundi wa benchi alinifungulia kichwa cha injini, maana spana bado nilikatazwa, nikakilaza juu chini, nikafunika kwa kioo chenye tundu, nikajaza mafuta ya taa kwa sindano, mililita kwa mililita, silinda zote nne. Mwenye duka alisimama mlangoni akanitazama. "Unaichanja isishikwe na nini?" akauliza. "Na uvivu," nikamjibu. Niliandika hesabu zote, nikazirudia mara tatu, na Ijumaa hiyo hakuna aliyenipata na kosa. Mzee Koskei aliweka sahihi mwishoni mwa daftari mwezi wa sita. Alisema sasa naweza kushika spana.

Mashine nzuri ya kukata chuma ilikuwa kiwandani, kwenye karakana ya kurekebisha mitambo ya kusaga majani, na mwenye mkono wa kuiendesha alikuwa Owuor. Mzee Koskei hakuona ubaya. Mkono wa mtu mwingine uliruhusiwa, akili yake ndiyo haikuruhusiwa. Hivyo kuanzia Julai nilikuwa nikienda nyumba za wafanyakazi wa kiwanda kila Jumamosi mchana, nimebeba chuma kilichofungwa kwa gazeti. Owuor na mkewe, Mama Atieno, waliishi kwenye chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua, kitanda upande huu, meza na viti vitatu upande ule, na ukutani kalenda za miaka mingi ambazo hazikuondolewa kwa sababu ya picha. Mama Atieno hakukubali chuma kiongelewe kabla ya chakula. Aliniwekea ugali na omena, nami nikala ugali.

"Nyathina, hao samaki wanakuangalia," Owuor akasema, akiniita mtoto wangu kwa lugha ya kwao.

"Ndiyo maana siwali. Wana macho mengi."

"Na ile maziwa yenu ya kuganda, ya mkaa, mimi nikikataa mnasema nina madharau."

"Una madharau, Mzee."

Mabega yake yalicheka. Nampenda hata sasa kwa vile vicheko visivyo na sauti. Alikuwa na gari kuukuu la rangi ya maziwa, na karakana nzima ilimtania kwa sababu ya jambo moja: kila alipokwenda kwao, kwa mazishi au Krismasi, alisimamisha gari penye daraja la Sondu, akafungua boneti, akainama humo kama dakika moja, akafunga, akaendelea. Akirudi alifanya vivyo hivyo. Walisema anasalimia mababu. Wengine walisema ameficha dawa mle ndani. Yeye hakukanusha. Nami nilicheka na wote, maana nilikuwa mtu wa hesabu, na mambo ya mababu niliyaona kuwa ya watu wasio na daftari.

Siku aliyonikatia kichwa cha injini alikifunga kwenye mashine, akakigusagusa kwa kidole, akasoma kipimo nilichomwandikia, akakisoma tena. "Hii engine itakimbilia wapi?" akaniuliza.

"Mbele," nikasema.

Alinitazama kidogo. Kisha akawasha mashine, akakata kama nilivyoandika, bila kupunguza wala kuongeza. Nimelikumbuka jibu lile mara nyingi kuliko maombi yangu. Mtu mzima, fundi wa miaka ishirini, aliniuliza swali pekee ambalo daftari langu la kurasa mia mbili halikuwa nalo, nami nikamjibu kama mlevi wa sokoni.

Injini iliwaka Oktoba, Jumatatu, saa tano asubuhi. Sitaeleza sauti yake maana nitaonekana mpumbavu. Tuliifunga kwenye gari la Kibet, tukalipeleka kwenye barabara iliyonyooka kati ya mashamba ya chai, wachumaji wakasimama na vikapu vyao mgongoni, na Kibet akakanyaga. Ilipita mbele yetu, nikahisi upepo wake kwenye meno. Nilichomoa plagi, zote nne zilikuwa na rangi ya biskuti, rangi ambayo kila fundi huombea. Mzee Koskei aliitikia kwa kichwa mara moja tu, na kwake hiyo ilikuwa hotuba. Usiku ule nililala nikiwa tayari nimevaa aproni moyoni. Kilichobaki ni kukiona kile kiwanja cha mashindano, nijue urefu wake na uso wa lami yake, na Owuor alikuwa akienda kwao kumzika mjomba wake, kwa hiyo katikati ya Novemba nikaomba lifti.

Tulipita Sigowet mawingu yakiwa bado yamelala juu ya mahindi. Tuliteremka, masikio yakaziba, nikameza mate yakazibuka. Darajani Sondu akaegesha kando, kama kila mara, akashuka. Nilitaka kubaki ndani nimheshimu na mababu zake. Lakini ubishi ni ugonjwa wangu, nikashuka nikaenda kuangalia dawa.

Hapakuwa na dawa. Alikuwa ameshika spana namba kumi, amelegeza boliti ya distribyuta, ile inayoamua moto uwake wakati gani ndani ya silinda, na akaizungusha upana wa ukucha, kurudi nyuma. Akakaza. Kisha akaniona, akafikiri kidogo, akailegeza tena na kuirudisha ilivyokuwa. "Ingia," akasema. Tukaondoka bila marekebisho yoyote. Kilomita chache chini, kwenye kimwinuko kidogo, alikanyaga, na nikaisikia: kokoto, kokoto ndani ya kopo. Injini ya gari la kawaida, ya kwenda sokoni, ilikuwa ikigonga.

"Huko juu kwenu hewa ni uji," Owuor akasema, macho barabarani. "Engine inakunywa tu, haishibi. Hapa chini hewa ni ugali. Sasa ukiilisha ugali na ile haraka ya uji, itapaliwa. Hii yangu ni mzee, inabana mara nane tu, na umesikia vile inalia." Hakuongeza neno. Hakusema "yako je." Alisimama mahali penye kivuli, akarudisha nyuma upana wa ukucha, na kokoto zikanyamaza.

Nilikaa kwenye kile kiti nikahisi baridi, ingawa jua la tambarare lilikuwa limeanza kuchoma. Injini yangu nzima niliipima Sotik, nikaijaribu Sotik, nikaisifu Sotik, juu kule ambako hewa ni nyepesi na injini yoyote husamehe. Nilibana mara kumi na moja na nusu nikaona haigongi, nikadhani ni akili yangu. Kumbe ni mlima. Kabureta nayo niliipa petroli ya kutosha hewa ya juu, na hewa nzito ya chini ingeihitaji zaidi; isipopata, moto ungekuwa mkali, pistoni zangu za Nairobi zingetoboka kabla ya mita mia mbili. Gari la kushindana ziwani lilikuwa limepangwa na mtu ambaye hakuwahi kujiuliza litapumulia wapi. Sikumwambia Owuor asante. Nilisema tu, "Nataka kuona kiwanja," nikakiona, nikapima kwa hatua, nikasimama kwenye mazishi ya mtu nisiyemjua, na kichwani nilikuwa nafungua injini boliti kwa boliti.

Chuma kilichokatwa hakirudi. Nilichoweza ni kuinua kichwa cha injini kidogo kwa gasketi nene, na gasketi nene ya injini ile haikuuzwa popote. Ilipaswa kukatwa kwa mkono kwenye bamba la shaba. Nilimwambia Kibet Jumatatu, alikuwa akipaka gari lake nta. Alikuja juu.

"Wewe Chela, engine imekimbia! Kila mtu ameona! Sasa unataka kuipunguza nguvu wiki mbili kabla ya race? Umeogopa?"

"Nimeogopa."

"Ukiogopa niambie nitafute mtu."

"Tafuta. Lakini injini inabaki na mimi."

Mafundi nao walisema nimeingiwa na woga wa kike. Mzee Koskei aliniuliza kama nina uhakika, nikamwambia nina uhakika na nitaiandika kwenye daftari, akaniacha. Nilifungua injini nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, kwa mikono yangu mwenyewe, na kila boliti ilikuwa kama kujing'oa jino. Nilirudia mahesabu na sindano ya ng'ombe. Jumamosi nzima Owuor alikata shaba kwenye karakana kwa msumeno mwembamba na tupa, matundu ya silinda, matundu ya maji, matundu ya boliti, ulimi umetoka nje kidogo kwa umakini, na Mama Atieno akatuletea nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwenye bakuli, tukala tumesimama. Gasketi ya kwanza ilipasuka pembeni alipoimalizia. Aliitazama, akaitupa kwenye pipa, akavuta bamba lingine. Ya pili ilikaa. Mbano ukashuka hadi mara kumi na kidogo. Jeti za kabureta, vile vitundu vya kupitishia petroli, nilizitoboa kubwa zaidi, taimingi ya moto nikairudisha nyuma, nami nikaandika ukurasa mpya wenye kichwa kimoja tu juu yake: Ziwa.

Juu kwetu, baada ya hapo, injini ilikuwa mbovu. Ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, plagi zikawa nyeusi. Kibet alilipeleka gari kiwanjani juu ya lori akiwa amenuna safari nzima. Yalikuja magari kumi na mawili. Moja lilikuwa la mwanamume wa Kericho aliyekuwa na injini kama yangu, iliyobanwa kama ilivyokuwa yangu mwezi mmoja kabla, na mbio yake ya kwanza ilisikika vizuri mpaka katikati, kisha ikatoka kokoto, kisha moshi mweupe, kisha kimya. Alishuka akaweka mikono kichwani. Nilimwona vizuri, na nilijua ninamtazama nani. Ya kwetu ilipumua. Ilikula ile hewa nzito ikataka zaidi. Kibet alishinda mbio ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ya mwisho alishindwa kwa urefu wa boneti na gari la Kisumu lenye injini kubwa kuliko yetu. Alishuka akanikumbatia mbele ya watu wote na hakuomba msamaha, wala sikuuhitaji.

Jumatatu Mzee Koskei aliifungua injini yeye mwenyewe, juu ya benchi, mafundi wote wamesimama. Hakutazama kikombe cha nafasi ya pili. Alifuta kila pistoni kwa kitambaa, akapitisha kidole gumba juu yake akitafuta alama ya kugonga, ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Owuor alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kuchukua kipimo alichoniazima, akapewa kikombe cha chai. Mzee Koskei alivua miwani.

"Safi zote," akasema. "Ile ya Kericho nasikia imetoboka tatu. Sasa niambie. Nani alikuambia ushushe?"

Nilikuwa na muda wa kutosha. Sio kwamba nilishtukizwa. Niliitazama benchi, dirisha lake, aproni iliyotundikwa kwenye msumari, nikakumbuka sharti, na nikamtazama Owuor aliyekuwa akipuliza chai yake.

"Nimefikiria mwenyewe," nikasema.

Owuor alikunywa funda moja. "Huyo msichana ana kichwa, Mzee," akasema. Mabega yake hayakutikisika.

Mzee Koskei alinirushia ile aproni, na sikurudi tena kwenye karai. Kila nilichonacho, gereji yangu, watu kumi na mmoja ninaowalipa mshahara, wateja wanaotoka Siongiroi na Kisumu kunitafuta mimi kwa jina, kilianzia kwenye benchi ile na kwenye sentensi ile. Ninajulikana kama mwanamke anayejua kuandaa injini za kuteremka ziwani. Owuor mwenyewe alinitumia wateja mpaka alipostaafu na kurudi kwao. Hakuwahi kugusia jambo lile, hata kwa utani, na yeye alitania kila kitu. Nilimpelekea sukari, nilimpelekea majani chai, nililipa bili ya hospitali mara moja bila kuambiwa, huku nikijua vizuri sana kwamba hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichokuwa nadaiwa.

Tulimzika Jumamosi iliyopita. Hema lilikuwa limejaa, walimu, wazee wa kanisa, na safu nzima ya wastaafu wa kiwandani. Mama Atieno alikaa mbele, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, akisinzia na kuamka. Achieng', ambaye alizaliwa miaka miwili baada ya mwaka ule, alisoma maisha ya baba yake, na akafika mahali akaweka karatasi chini akatabasamu. Alisema wao watoto walikuwa wakimcheka baba kwa kusimama darajani Sondu kila safari na kufungua boneti, na kila mara aliwajibu kwamba alifundishwa na msichana mmoja wa Kipsigis, fundi mkubwa sana, aliyegundua jambo hilo mwenyewe kwa daftari na sindano ya ng'ombe. "Na leo yuko hapa," akasema. "Auntie Chelangat, asante kwa kumfundisha baba yetu."

Watu walipiga makofi. Wastaafu wa kiwandani, waliomwona akisimama pale darajani kabla sijajua spana ni nini, walitazama viatu vyao. Nilisimama. Nilitembea mpaka mbele, nikachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa yule binti. "Mimi sikumfundisha," nikasema. "Yeye ndiye aliyenifundisha. Nilidanganya." Sauti ilitoka ndogo kabisa, na kipaza sauti kikakoroma.

Mama Atieno alifungua macho. Alinitazama kwa muda mrefu, bila hasira, kama alivyokuwa akinitazama nikiacha omena kwenye sahani.

"Sema kwa nguvu, nyathina," akasema. "Wale wa nyuma hawajasikia."